Tatu Inaangalia Wapi

Mwalimu mkuu alianza na sikio.

Miaka ile ya tisini, pale Nyarugusu ya Geita, cheti cha kuzaliwa kilikuwa kitu cha kutafuta kwa tochi. Watu tulikuwa tumekuja kufuata dhahabu kutoka kila upande. Mtoto kazaliwa huku, kaachishwa ziwa kule, na ukimuuliza mama yake siku ya kuzaliwa anakwambia tulikuwa tunapalilia pamba. Basi shule ilikuwa na kipimo chake, kilekile nilichopimwa mimi kule kwetu Didia, Shinyanga, nikiwa mdogo: pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, shika sikio la kushoto. Ukilifikia, umekua, unaandikishwa darasa la kwanza. Usipolifikia, rudi nyumbani ukale ugali.

Binti yangu alipitisha mkono wa kushoto akashika sikio la kulia. Alilishika lote, akalivuta, akamtazama mwalimu mkuu kama anayeuliza, na lingine?

"Mkono mwingine," mwalimu akasema.

Akabadilisha. Sikio likashikika vilevile. Nikashusha pumzi, nikadhani tumemaliza. Kumbe mwalimu alikuwa ameshaona kitu. Akaokota kijiti, akampa.

"Haya bibi, niandikie hapo chini. Moja mpaka tano."

Nilikuwa nimemfundisha kidogo kidogo mwenyewe, kwenye vumbi mbele ya nyumba, kati ya kuchoma andazi na kuchoma andazi. Mtoto akachuchumaa, akashika kijiti kwa kushoto, akaanzia upande wa kulia akawa anakuja kushoto. Moja ilikuwa moja. Mbili ikageuka. Tatu ikafungua mdomo upande usio wake, nne ikatoa kiwiko kinyume, na tano ikavaa kofia kisogoni.

"Mama," mwalimu akaniambia, "mtoto huyu ana mashoto."

"Najua, mwalimu. Ninaishi naye."

"Basi kamrekebishe. Shule ikikaribia kufunguliwa, Januari, mlete tena. Akiniandikia moja mpaka kumi, zikakaa sawa, kwa mkono wa watu, nitamwandikisha. Akishindwa tutaonana mwakani."

Mkono wa watu. Nilirudi nyumbani nikiyatafuna maneno hayo njia nzima. Huu mwingine ni wa nani? Wa fisi?

Mimi ni mtu wa hasira. Sisemi kwa kujisifu wala kwa kuomba radhi, nasema ili ijulikane. Nilikuwa mdogo, nimemaliza kidato cha nne, nimeolewa, nachoma maandazi mbele ya chumba cha kupanga huku mume wangu akishinda ndani ya duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu. Kidato cha nne changu hakikuwa kimenipa kitu cha kushika mkononi zaidi ya mwiko. Lakini nilikijua kilivyo, na nilitaka binti yangu akipite.

Jioni mume wangu alipotoka kazini, mweupe kwa vumbi la mawe mpaka kope, nikamweleza. Yeye si mtu wa maneno mengi. Akanawa, akakaa, akasema kwa upole kabisa, "Sasa kama hawamchukui, mama akija sikukuu arudi naye Samuye. Atamsaidia kuchunga ndama."

Hakusema kwa ubaya. Kwao Samuye mtoto kukaa na bibi ni heshima. Lakini mimi niliijua Samuye. Binti akishashika fimbo ya ndama, ile "mwakani" ya walimu huwa haifiki. Anazoea ndama, ndama wanamzoea, bibi anamzoea, na siku moja unasikia ameletewa posa. Wifi yangu mmoja alikwenda kusaidia ndama hivyohivyo. Anasaidia mpaka leo.

"Ataandika," nikasema.

"Kwa mkono upi?"

"Wewe kula."

*

Kwanza nilijaribu mkono wa kulia. Sitaki mtu aseme sikujaribu. Nilimweka mapajani, nikaushika mkono wake ndani ya wangu, tukaenda pamoja. Nikiwa nimeushika, tatu inatoka tatu. Nikiuachia, inatoka kitu kama nyoka aliyekanyagwa. Mtoto mwenyewe alikuwa anautazama mkono wake wa kulia kama mgeni aliyekaa muda mrefu bila kuaga.

"Mama, huu haujui," akaniambia.

"Utajua."

"Mwenzake unajua. Kwa nini usiandike wenye kujua?"

Nikamfukuza akacheze. Lakini swali likabaki limekaa hapo jikoni na mimi.

Kesho yake, maandazi yameisha, hakuna mtu, nikachukua kijiti mimi mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Nikachuchumaa kama yeye. Nikaandika moja. Nikaandika mbili, kwa shida. Nilipofika tatu nikatazama nyuma, na moja haikuwepo. Kiganja changu kilikuwa kimeifagia.

Nikakaa chini kabisa, kwenye vumbi, na aproni yangu.

Kumbe ndiyo hivyo. Mwenye mkono wa kulia anaandika huku anazikimbia namba zake, anaziacha nyuma salama. Mwenye mashoto anazikanyaga. Kila akiandika ya pili mkono unafuta ya kwanza, na mwanangu, ambaye hakuna mtu aliyemwambia lolote, alikuwa ameona hasara hiyo na kuitafutia dawa: akaanzia upande wa pili. Na akianzia upande wa pili, namba nazo zinageuka kumfuata. Wakubwa wawili, mimi na mwalimu mkuu, tulikuwa tumeiona akili hiyo tukaiita ugonjwa.

Hasira yangu siku hiyo ilihama. Ilitoka kwa mtoto ikaenda kwenye vumbi.

Nikatafuta mahali ambapo mkono haulali juu ya maandishi, na mahali hapo palikuwa nyuma yangu: ukuta. Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya udongo, imesilibwa vizuri, ukuta mpana usio na dirisha. Nikampa mtoto kipande cha mkaa. Ukutani mkono unaning'inia chini ya namba, haufuti kitu. Akaandika moja, akarudi nyuma akaitazama, ipo. Akaandika mbili, moja bado ipo. Akanigeukia, meno yote nje.

Likabaki la kugeuka. Nikimwambia "anzia kushoto," anaduwaa. Maskini, neno kushoto alikuwa analisikia pale tu anapopigwa kofi la mkono: acha huo wa kushoto, toa wa kulia. Kwake kushoto na kulia yalikuwa majina ya makosa, si ya pande.

Lakini pande alizijua, kama mtoto yeyote wa Kisukuma anavyozijua. Nyumbani kwetu hakuna anayekwambia sogea kushoto. Anakwambia sogea kiya, yaani huko jua linakotokea, au sogea ng'weli, linakozama. Hata kitandani mtu anaambiwa mpishe mwenzio, lala upande wa kiya. Mtoto bado ananyonya tayari anaijua kiya iko wapi, hata umzungushe gizani.

Na ukuta wetu, mtu akisimama kuutazama, kiya ilikuwa mkono wake wa kushoto.

"Sikiliza," nikamwambia. "Unaanzia kiya unakwenda ng'weli. Tatu inaangalia kiya, inasubiri jua. Mbili nayo inaangalia kiya. Saba imetoa pua kiya. Tisa imebeba tumbo lake kiya."

"Na nne?"

"Nne imetoa kiwiko kiya."

"Na tano?"

Nikaifikiria tano. "Tano imenuna. Kofia yake imeigeuzia ng'weli."

"Nani kaiudhi?"

"Sita. Na sita mwenyewe naye kanuna, katazama ng'weli hukohuko."

Alicheka mpaka mkaa ukaanguka. Kuanzia hapo sikuwa na kazi. Asubuhi naamka kuchanganya unga namkuta yuko ukutani, anazigombeza tano na sita. Namba zikakaa sawa, moja baada ya nyingine, zote zikaota jua. Wachimbaji waliokuja kununua maandazi wakawa wanasimama kumtazama.

"Shikamoo mwalimu," mmoja akamwambia, mtu mzima na ndevu zake. "Na mimi nifundishe. Mimi nilitoroka nikiwa kwenye nne."

"Nne inatoa kiwiko," mtoto akamjibu bila kugeuka. "Usiisogelee."

Aliyekasirika ni mwenye nyumba. Alikuja kukagua paa, akakuta ukuta wake mweusi kuanzia chini mpaka mkono wa mtoto unapofika.

"Mama, nilikupangisha nyumba au daftari?"

"Nitausiliba, baba. Utakuwa mpya."

"Lini?"

"Akishafika kumi."

Akausogelea, akausoma kwa kidole. "Mbona hapa amefika kumi?"

"Akishafika kumi bila kuulizwa."

Akaondoka akinung'unika, lakini nilimwona ameirudia saba kwa macho, ameinamisha kichwa, kana kwamba anakagua kama ipo sawa.

*

Mama mkwe alifika kabla ya sikukuu, na furushi la michembe kichwani, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo mwanawe hawezi kuishi bila hivyo. Nikapiga magoti nikamsalimia. Mtoto naye akapiga magoti, akasalimia vizuri, kisha akakimbia kumletea bibi yake maji. Akampa kikombe kwa mkono wa kushoto.

Bibi hakukipokea. Aliutazama ule mkono, akanitazama mimi.

"Mke mwenzangu," akamwambia mtoto, maana ndivyo wanavyoitana, wanagombania babu, "maji haya unanipa au unanitupia?"

Mtoto akahamisha kikombe. Bibi akanywa mpaka mwisho. Kisha akachomoa uzi mweusi kwenye pindo la kanga yake, uzi mnene wa kushonea magunia, akamfunga mtoto kwenye kifundo cha mkono wa kushoto.

"Huu ni wa kukumbusha. Mkono wenye uzi hausalimii, hautoi, haupokei, hauli. Ukitaka kuutumia, uone uzi kwanza."

Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti. Ndiyo shida ya kukasirika mbele ya mama mkwe: huwezi kukasirika ukiwa umesimama. Nikasema kutoka hukohuko chini, sauti imebanwa kama ya mbuzi, "Mama, mkono huo ndio wa kuandikia. Ukiufunga, shule imekwisha."

"Nani kaufunga? Nimeufunga uzi, sijaufunga kamba." Akanitazama kama mtu asiyeelewa ugomvi uko wapi. "Kuandika aandike. Namba hazisalimiwi. Aandike hata kwa mguu akitaka. Maji yangu asinipe kwa mkono huo, basi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita kuanzia siku niliposikia anakuja, nimekariri maneno, na sasa maneno yote hayana kazi. Nikainuka nikaenda kuloweka michembe.

Lakini furushi lake la kurudi Samuye alilipanga kwa ajili ya watu wawili. Niliona. Alikuwa amekuja na kanga mpya ndogo ya mtoto. Alikuwa anasubiri tu jibu la shule, bila haraka, kama anayesubiri uji upoe.

*

Ijumaa ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa nikampeleka. Nilikuwa nimemsuka, nimempaka mafuta akang'aa kama andazi. Barazani mwa shule kulikuwa na foleni ya wazazi na watoto. Mwalimu mkuu amekaa mezani, na kando yake kuna ubao mweusi umesimamishwa kwa miguu yake, wa kujaribia watoto.

"Ah," akasema, "mama wa mashoto. Haya, binti. Moja mpaka kumi."

Nikasimama pembeni nimekunja mikono. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Ubao ni nini? Ni ukuta wenye miguu. Watoto wengine waliokuwa wamejifunzia chini walikuwa wanauogopa, wanaandika kwa kuegemea, chaki inavunjika. Wangu alikwenda akausimamia kama mali yake.

Kisha akaanza upande wa kulia.

Mbili ikageuka. Tatu ikageuka. Akaenda taratibu, safi, bila kutetemeka, mwandiko mzuri kuliko wote waliokuwa wameandika asubuhi ile, na kila namba ilikuwa imegeuka, mpaka kumi, ambayo ilianza na moja kulia na sifuri kushoto. Akaweka chaki. Akanitazama, meno yote nje.

Foleni ikacheka. Mama mmoja akasema, "Kaandika Kiarabu."

Mwalimu mkuu hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mama, nilikwambia. Mkono huu unaandika kinyume. Mwakani."

Nilisikia joto linapanda kutoka miguuni. Nilitaka kumkamata mtoto nimtikise, nimuulize amenifanyia nini, wiki zote zile, ukuta wote ule. Nikamwangalia. Alikuwa bado anatabasamu, anasubiri sifa. Na alikuwa ameinua mkono kujikinga macho, kwa sababu jua la asubuhi lilikuwa linampiga kutoka upande wa kulia.

Upande wa kulia. Kiya.

"Tatu inaangalia wapi?" nikamuuliza.

"Kiya," akasema, akaionyesha. Na kweli, ile tatu ilikuwa imelifungulia jua mdomo. Mbili inaangalia jua. Saba imetoa pua kwenye jua. Tano na sita zimenuna, zimetazama ng'weli. Hakuwa amekosea hata moja. Alikuwa amefanya neno kwa neno nililomfundisha. Ubao wa mwalimu ndio ulikuwa umetazama upande tofauti na ukuta wetu.

Sikuomba ruhusa. Nilikwenda nikaukumbatia ule ubao, miguu na yote, nikaunyanyua.

"Mama! Mama, unafanya nini na mali ya serikali?"

"Naugeuza, mwalimu."

"Unaugeuza uende wapi?"

"Uangalie nyumbani."

Nikauzungusha mpaka mgongo ukawa mbele na mbele ikawa mgongo, nikautua chini kwa kishindo, chaki zikaruka. Gauni limenipinda, kilemba kimenianguka. Nikafuta zile namba kwa kanga yangu nzuri ya kutokea. "Andika," nikamwambia.

Mtoto akazunguka akaja upande huu. Sasa kiya ilikuwa kushoto kwake. Akaitazama mara moja, akaanza. Moja, mbili, tatu, zote sawa, zote zimekaa kama kwenye kitabu, mpaka kumi yenye sifuri yake mahali pake.

Yule mama wa Kiarabu akasema, "Mh."

Nikamweleza mwalimu mkuu habari ya ukuta na kiya. Alikuwa Msukuma wa upande wa Geita, hakuhitaji maelezo mengi. Kwanza alivua miwani. Halafu alicheka, kicheko cha kutoka tumboni, akapiga meza. "Kwa hiyo mtoto huyu anaandika namba kwa jua!"

"Ndiyo, mwalimu. Mwandikishe."

"Ngoja mama. Ngoja." Akajifuta machozi. "Ubao wa darasa la kwanza nimeupaka kwenye ukuta. Ule hauna miguu. Sasa nitakugeuzia shule? Na kukiwa na wingu je?" Akafikiri. "Jumatatu tunafungua. Mlete aandike kwenye ule wa ukutani, jinsi ulivyo. Akiweza, nitamwandikisha saa hiyohiyo. Na huo mkono tutauzungumzia."

*

Jumamosi nilikuwa sisogeleki. Mume wangu alikunywa uji akakimbilia kwenye duara, siku ambayo hata zamu hakuwa nayo. Nilikuwa na siku mbili kumtoa mtoto jua kichwani, jua nililomtia mwenyewe, na mama mkwe amekaa mlangoni anachambua mchele, furushi lake liko pembeni yake.

Nilijaribu kushoto na kulia upya. Hola, hakuna kitu. Neno kushoto likitoka tu mdomoni mwangu, mtoto anaficha mkono wenye uzi nyuma ya mgongo.

Mkono wenye uzi.

Alikuwa ameuficha, mimi nikautafuta, na nilipouona ule uzi mweusi nikasimama kama mtu aliyekumbuka alikoweka ufunguo. Nikamgeuza mtoto atazame ukuta wetu, ule wenye namba.

"Tatu inaangalia wapi?"

"Kiya."

"Na uzi wa bibi uko wapi?"

Akautazama mkono. Akaitazama tatu. "Kiya," akasema polepole. "Tatu inaangalia uzi!"

"Na saba?"

"Pua imeuelekea uzi! Mama, na mbili inauangalia! Na tisa tumbo lake liko kwenye uzi!"

"Na tano?"

"Imenuna," akasema kwa furaha kubwa. "Imeupa uzi kisogo. Na sita."

Nikamzungusha, nikampeleka nyuma ya nyumba, ukuta wa upande mwingine, ambako kiya ipo kulia. Akaanza kuligeukia jua kwa mazoea, akasita. Akautazama uzi. Akaanzia upande wa uzi. Mbili, tatu, nne. Sawa, sawa, sawa. Tukaenda ukuta wa tatu. Sawa. Wa nne, ulio na mlango, akaandika juu ya kichwa cha bibi yake.

"Mnaniandika mimi sasa?" bibi akauliza.

"Namba zinaangalia uzi wako, mke mwenzangu!"

Mama mkwe akaacha mchele. Akamwita, akaushika ule mkono wa kushoto, akaugeuza huku na huku, akakaza fundo la uzi lililokuwa limelegea. Alikaza mara mbili.

Mwenye nyumba alikuja Jumapili baada ya ibada. Akaizunguka nyumba yake yote, mikono nyuma.

"Mama," akasema, "umesahau paa."

*

Jumatatu tulikwenda watatu, maana bibi alisema lazima aone. Alibeba na furushi lake, na ile kanga mpya ndani yake. Sikumwuliza kwa nini alilibeba. Nilijua. Gari la Shinyanga lilikuwa linapitia karibu na shule, na mtoto akishindwa, wangepanda wote wawili palepale.

Ubao wa darasa la kwanza ulikuwa kama alivyosema, umepakwa ukutani, umetazama vibaya kabisa. Nje kulikuwa na wingu. Jua halikuonekana hata kwa dawa. Mwalimu mkuu alinitazama kama anayesema, hiyo sikuipanga mimi.

Mtoto akachukua chaki kwa kushoto. Akasimama. Nikaona shingo yake imeanza kugeuka kutafuta kiya, na moyo wangu ukaenda nayo. Kisha akainua mkono mwenyewe mbele ya uso wake, akautazama uzi, akaushusha, akaanza.

Sikuzihesabu. Nilikuwa natazama uso wa mwalimu mkuu, na niliona anapofika tatu kwa jinsi nyusi zake zilivyopanda. Kwenye sita mtoto alisema kwa sauti, "Kanuna huyu," na darasa zima likacheka. Kumi ikakaa, moja mbele, sifuri nyuma. Akaweka chaki.

"Ziko sawa," mwalimu mkuu akasema. Akavaa miwani, akavua. "Zote ziko sawa. Lakini mama, nina madawati ya watoto watatu watatu. Wa mashoto anagongana viwiko na mwenzie, wanachafuliana. Ndiyo sababu nasema tumbadilishe. Si kwamba namchukia mtoto."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nilikuwa na maneno mengi, mengine si ya kusemea shuleni. Mama mkwe akaniwahi.

"Mwalimu, mkalishe mwisho wa dawati," akasema. "Upande wa uzi. Kiwiko chake kiwe nje, kama cha nne."

Mwalimu mkuu akamtazama bibi huyu wa Samuye mwenye furushi. "Na wewe mama mzima unakubali mashoto?"

"Kunipa maji, hapana. Namba hazisalimiwi."

Akaandikishwa. Nikaliona jina lake likiandikwa, taratibu, kwa mkono wa kulia wa mwalimu mkuu, ambao ulikuwa na mwandiko mbaya ajabu.

Gari likaja wakati wa mapumziko. Bibi akafungua furushi, akatoa ile kanga ndogo, akamfunga mtoto mabegani juu ya gauni lake. Akapanda peke yake, akakaa dirishani na furushi lake. Tukasimama mimi na mtoto kando ya barabara. Gari likaanza kuondoka, na mtoto akarukaruka akipunga, uzi mweusi ukipepea.

Kichwa cha mama mkwe kikatoka dirishani.

"Mkono mwingine, wewe!"

Mtoto akapunga yote miwili.